Amana ya Sauti: Khabari za Santuri na Kichwa Chake cha Sindano



Katika nyumba nyingi za pwani yetu, tokea Lamu mpaka Kilwa, na Unguja na Pemba, ukiinama ukatazama mvunguni mwa kitanda cha mzee, aghlabu utaona sanduku la mbao au la bati, na ndani yake santuri zimelala baina ya magazeti yaliyogeuka rangi. Mashine yenyewe utaiona juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ukiuliza utaambiwa, "Hiyo ilikufa siku nyingi." Ukiuliza ilikufa kwa maradhi gani, hapana ajuaye. Husikilizwi tena neno, na baada ya muda anapita mnunuzi wa vitu vya kale, anatoa fedha kidogo, anachukua sanduku zima.

Makala haya yanahusu kitu kidogo kisichozidi ncha ya kidole gumba, kinachokaa kwenye mwisho wa mkono wa mashine ya santuri na kushika sindano. Mafundi hukiita kichwa. Sindano hupita ndani ya mfuo wa santuri, hutikisika, na kichwa hugeuza mtikisiko ule kuwa umeme, na umeme huo, baada ya kutiwa nguvu, hutoka kwenye spika ukiwa ni sauti ya mtu. Hapana shaka sehemu kubwa ya mashine tunazoambiwa zimekufa hazikufa ila mahali hapo. Nami nisingeliandika haya lau si safari niliyoifanya kwenda Sibwesa.

Huenda msomaji wa Mombasa au wa Mkokotoni hajapata kusikia jina hilo. Sibwesa ni kata ya wilaya ya Tanganyika katika mkoa wa Katavi, ule mkoa uliokatwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Ukitoka mji wa Mpanda ukaelekea upande wa ziwa ndiko iliko. Ni mbali na bahari, lakini si mbali na sisi kama tunavyodhani. Watu wa pwani walikwenda na misafara mpaka Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika zaidi ya miaka mia na khamsini iliyopita, wakaacha huko misikiti na lugha hii tunayoandikia. Baadaye, ulipofunguliwa mgodi wa risasi wa Mpanda, serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua, na reli ikafika Mpanda mwaka 1950. Kwa reli hiyo walikwenda makarani, mafundi na wachuuzi kutoka kila upande. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, na wengi wakarudi makwao. Wengine hawakurudi.

Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa miongoni mwa wasiorudi. Alikuwa karani mgodini. Ulipofungwa akahamia Sibwesa akafungua kiduka na shamba, akaoa huko, akazaa huko. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alijinunulia mashine ya santuri ya kubeba mkononi, ya betri, ambayo kifuniko chake ndicho spika. Nilipofika kumtazama mjane wake, nilikuta mashine ile iko palepale alipoiacha, na chini yake santuri kumi na mbili. Mbili zilikuwa za zamani sana, nzito na za kuvunjika. Zilizobaki zilikuwa za plastiki, na nne katika hizo zilikuwa Qur'ani Tukufu kwa sauti ya qari wa Misri.

"Mwanangu," akaniambia mke wa ami, "nasikia wewe una mkono wa mashine. Baba yako mdogo alikuwa akiwasomesha watoto kwa hiyo. Mimi nataka nisikie Surat Yusuf mara moja, kama alivyokuwa akiiweka yeye."

Bin ami yangu, mtoto wake mkubwa, akacheka kwa adabu. Akanionyesha simu yake, ambayo ndani yake, akasema, mna Qur'ani nzima kwa sauti za maqari ishirini, na huyo wa kwenye santuri yumo. Kisha akaniambia kando kwamba yuko mtu Mpanda mjini aliyekwisha toa bei ya sanduku lote. "Kaka, mashine haisemi tokea baba yuko hai. Tuiweke ya nini?" Sikuwa na jawabu lililo tayari. Nilisema tu kwamba nitaitazama kwanza.

Ili tuelewe nilichokuta humo, yatupasa turudi nyuma.

Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alitengeneza chombo cha kwanza cha kunasa sauti na kuirudisha. Alinasa kwenye karatasi nyembamba ya bati iliyozungushwa juu ya mcheduara. Miaka kumi baadaye, 1887, Emile Berliner aliyetoka Ujerumani akahamia Marekani akaja na sahani bapa, na sahani hiyo ndiyo santuri. Gramafoni za zama hizo hazikuwa na umeme hata chembe. Ulitia ufunguo ukakaza springi, sahani ikazunguka, sindano ya chuma ikatikisa kiwambo kidogo cha duara, na kiwambo kikasukuma hewa ndani ya pembe. Kiwambo hicho aghlabu kilikuwa cha ulanga, madini yale yale yanayong'aa yaliyokuwa yakichimbwa katika milima ya Uluguru. Basi ukiwa na gramafoni ya pembe na sauti yake inakereza kama nyuki katika kopo, usilaumu santuri kwanza. Pembeni mwa kiwambo mna mviringo wa mpira unaokishikilia. Mpira ukikaa miaka hamsini huwa mgumu kama kwato, na ulanga hugonga chuma. Mpira huo hubadilishwa kwa mpira laini wa unene ule ule, na kazi ni ya asubuhi moja.

Santuri za wakati ule zilifanywa kwa lakiri, utomvu wa kidudu cha Bara Hindi, ukachanganywa na unga wa jiwe. Unga ule ulikuwa na kazi: ulisaga ncha ya sindano mpaka ikaenea mfuo. Kwa hiyo sindano ya chuma ilikuwa ya upande mmoja wa santuri tu, kisha hutupwa. Lakini ni nani katika sisi alikuwa akiitupa? Nimewaona wazee kwa macho yangu wakiinoa juu ya jiwe na kuirudisha. Kila sindano iliyonolewa hivyo ilikuwa patasi, na santuri nyingi za nyumba zetu zinazotoa sauti ya mvua zilichongwa na wenyewe, kwa kubana senti.

Santuri hizo ndizo zilizochukua sauti ya Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyesafiri na wenziwe mwaka 1928 mpaka Bombay kwenda kunaswa sauti na kampuni ya His Master's Voice. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na khabari zake msomaji anazijua. Najua pia kwamba wako miongoni mwetu wasiopenda nyimbo na ala, na wana dalili zao. Sitaki kuamua jambo hilo hapa. Ninasema tu kwamba katika sanduku lile lile la mvunguni hulala nyimbo na hulala Qur'ani, na anayelitupa sanduku hutupa vyote viwili.

Ama juu ya Qur'ani katika chombo hiki, maulamaa waliliangalia jambo mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1899 Sayyid Uthman wa Batavia, katika masharifu wa asili ya Hadhramaut, jamaa za hao walioko Lamu na Unguja, aliandika fatwa juu ya funughrafu. Huko Misri Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, ambaye baadaye alikuwa Mufti, aliandika risala juu ya suala hilo mwanzoni mwa karne ya 20, na Sayyid Rashid Rida aliulizwa na wasomaji wa al-Manar akawajibu. Jarida hilo lilisomwa hata huku kwetu. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la al-Islah mwaka 1932, alikuwa katika walioathirika nalo. Maswali yalikuwa mazito. Je, sauti itokayo chomboni ni kisomo, au ni mwangwi wa kisomo? Je, msikilizaji ana thawabu? Na je, santuri yenye maneno ya Mwenyezi Mungu ikiwekwa mahali pa pumbao, dhambi ni ya nani?

Khofu hiyo ya mwisho ndiyo iliyomzuia Sheikh Muhammad Rif'at. Yeye alizaliwa Cairo mwaka 1882, akapoteza macho utotoni, na ndiye aliyeifungua Redio ya Misri kwa kisomo mwaka 1934. Wamisri wengi mpaka leo wanaona hakupata kutokea sauti kama yake. Inasimuliwa kwamba alikataa fedha za makampuni ya santuri, akihofu kisomo chake kisije kikachezwa katika mabaa na watu wamekunywa. Kisha maradhi ya koo yakamnyamazisha katika miaka ya 1940, akafa mwaka 1950. Lau mambo yangaliishia hapo, leo tungelikuwa na sifa za sauti yake bila ya sauti yenyewe. Lakini walikuwako wapenzi wake, mashuhuri wao Zakariya Mahran, waliokuwa wakikaa majumbani mwao na kunasa juu ya sahani kisomo kilichokuwa kikitoka redioni. Sehemu kubwa ya tunachokisikia leo cha Sheikh Rif'at, chenye mikwaruzo na pengo hapa na pale, kilitoka katika sahani hizo za nyumbani.

Baada yake mambo yalibadilika. Mwaka 1961 kisomo cha Qur'ani nzima cha Sheikh Mahmud Khalil al-Husary kilitolewa huko Cairo kwenye santuri, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Msahafu mzima kuwekwa katika sauti. Santuri hizi hazikuwa za lakiri tena. Tokea mwaka 1948 zilikuja za plastiki, nyepesi, zinazozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika badala ya 78, na mfuo wake ni mwembamba mno. Ndipo kichwa chetu kidogo kikawa na jukumu kubwa.

Sasa sikiliza, msomaji, jambo ambalo nililijua nimekwisha haribu.

Vichwa vingi vya mashine za bei nafuu, zile zilizoingia katika nyumba zetu katika miaka ya 1950 na 1960, ndani yake mna chumvi. Si mithali, ni chumvi kweli, kipande chembamba cha chumvi iitwayo ya Rochelle. Mtengeneza dawa wa mji wa La Rochelle huko Ufaransa ndiye aliyeitengeneza kwanza, katika karne ya 17, naye aliiuza kama haluli ya kusafisha tumbo. Mwaka 1880 ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya mawe yaliyoganda kwa umbo lake, na chumvi hii miongoni mwao, yakibanwa hutoa umeme kidogo. Katika miaka ya 1930 Wamarekani wakaikuza chumvi ile katika mabakuli, wakaikata vipande, wakaviweka nyuma ya sindano. Sindano ikitikisika inaipinda chumvi, na chumvi inatoa umeme mwingi kiasi cha kutosheleza amplifaya ndogo ya nyumbani. Ndiyo maana mashine zile zilikuwa rahisi. (Asili ya chumvi hii ni masimbi yanayoganda ndani ya mapipa ya mvinyo. Atakaye kuuliza hukumu yake amwendee faqihi, amwambie tu kwamba hailiwi wala hainywewi, imefungwa ndani ya plastiki.)

Lakini chumvi ni chumvi. Kila mwanamke wa pwani anajua chumvi ya jikoni inavyofanya wakati wa masika: inalowa ndani ya chombo chake bila ya mtu kuitia maji. Chumvi ya Rochelle nayo huvuta unyevu wa hewa mpaka ikayeyuka katika unyevu huo. Tena hewa ikikauka mno, hutokwa na maji yaliyomo ndani ya umbo lake ikawa unga. Na joto likifika kiasi cha nyuzi 55 hufa mara moja. Haitaki mvua wala kiangazi. Kitu kama hicho kikauzwa Zanzibar, Tanga na Malindi, na wenyewe wakashangaa mbona mashine ya jirani aliyehamia Nairobi bado inasema na yao imenyamaza.

Mimi nilikuwa na redio-gramu ya marehemu baba. Kichwa chake kilikuwa kizima bado, kinatoa sauti, ila waya mmoja umekatika. Nikaona ni jambo dogo. Nikawasha kipasha-lehemu changu, nikaugandisha waya moja kwa moja kwenye pini ya kichwa. Lehemu iliyeyuka, waya ukashika vizuri, nikajipongeza. Kutoka siku hiyo mashine haikusema tena. Kipasha-lehemu kina joto la zaidi ya nyuzi 300, na pini ile ya shaba ilikuwa njia iliyonyooka mpaka kwenye chumvi. Kichwa kilichodumu miaka thalathini nilikiua kwa sekunde nne. Baadaye nilikifungua kwa kisu nikakuta mna kitu kama uji uliopoa. Nilimwambia mama kwamba kimekufa kwa uzee, na hilo, Mwenyezi Mungu anisamehe, halikuwa kweli.

Basi Sibwesa nilikwenda pole pole.

Kwanza nilitia betri mpya, na sahani haikuzunguka. Mkanda wa mpira uliotoka kwenye mota ulikuwa umegeuka lami. Niliufuta kwa kitambaa chenye spiriti na kuweka mwengine. Pili, kabla ya kukituhumu kichwa nilikiondoa, nikagusa kwa kidole ncha za waya zinazotoka mkononi mwa mashine. Spika ikakoroma. Hiyo ilikuwa bishara njema, kwani maana yake amplifaya na spika ni nzima. Nilipokirudisha kichwa na kuipapasa sindano kwa unyoya, kimya. Nilisugua pini kwa kifutio cha penseli, maana kutu ya kijani peke yake huweza kuzuia sauti. Kimya vile vile. Nikakifungua mbele ya mke wa ami na bin ami yangu. Kwangu Tanga nilikuta uji. Sibwesa, ambako kiangazi huanza Mei na huendelea mpaka Oktoba bila ya tone, nilikuta unga mweupe mkavu, ukamwagika juu ya gazeti.

"Sasa hiyo inarudi?" akauliza mke wa ami.

Ilinibidi niseme kweli safari hii. Sindano iliyochakaa hubadilishwa, mpira uliokauka hubadilishwa, kutu husafishwa, waya huungwa. Chumvi iliyokufa hairudi. Wako wenye kudai kuifufua kwa kuipasha juani au kuitia nta. Wewe usiwaamini, nta humlinda aliye hai tu. Lakini nilimwambia kwamba baada ya vichwa vya chumvi vilikuja vichwa vya kauri, yaani udongo maalumu uliochomwa kama unavyochomwa ule wa vikombe vya chai, ambao nao hutoa umeme ukipindwa, na haujali masika wala kiangazi. Hivyo vinatengenezwa mpaka leo na si ghali. Nilimwomba anipe miezi michache. Bin ami yangu akasema bei ya mtu wa Mpanda haitangoja miezi michache. Mama yake akamtazama tu, hakujibu, naye akanyamaza.

Nilirudi baada ya mvua kupungua, na kichwa cha kauri ndani ya kikopo cha dawa, kimezungukwa pamba. Yale yaliyonipa taabu nitakwambia, ili yasikupe wewe.

Kichwa kipya hakikuenea mkononi mwa mashine ya zamani. Nilikata kipande cha bati la kopo la maziwa, nikakikunja kiwe kiti chake, na kupima kwa rula ili ncha ya sindano iangukie palepale ilipokuwa ikiangukia ya zamani. Waya sikuzichoma kichwani. Nilizichomea kwenye vishikizo vidogo vya shaba nje, mbali, mpaka vikapoa, ndipo nikavivika kwenye pini. Kichwa kipya kilikuwa na pini nne, kwa ajili ya sauti ya spika mbili, na mashine ya ami ina spika moja, basi niliziunga za kulia na za kushoto pamoja.

Uzito nao. Gramafoni ya pembe huiegemea santuri kwa zaidi ya gramu mia, na santuri ya lakiri huvumilia. Kichwa cha chumvi cha zamani hutaka kama gramu nane. Cha kauri nilichokuwa nacho kilitaka tano au sita. Ukizidisha, unachonga santuri ya plastiki kama jembe. Ukipunguza, sindano hurukaruka, na kuruka kwake pia ni kuchonga. Tanga nilikuwa nimejifunza kupima kwenye mizani ya sonara, rafiki yangu, ambaye hupima kwayo pete na vipuli. Aliniazima mizani yake ndogo niende nayo, na hiyo ni ihsani ambayo sijailipa.

Na sindano ina ukubwa. Ncha ya santuri za lakiri ni kama mara tatu ya ile ya santuri za plastiki. Ndiyo sababu vichwa vingi vya zamani vina kijiti cha kugeuza, upande mmoja 78 na upande mwengine LP. Kichwa nilichokipata kilikuwa na ncha ya plastiki tu. Zile santuri mbili nzito za ami sikuzigusa kwa sindano, na hata leo sijui kikamilifu kilichomo, kwani karatasi zake za katikati zimeliwa na mende. Nilizifuta kwa kitambaa chenye maji kidogo na tone la sabuni, nikazikausha, nikazisimamisha wima. Na hapa tafadhali shika neno langu: santuri ya lakiri usiisafishe kwa spiriti. Spiriti huyeyusha lakiri. Nimeona santuri ya harusi ya watu ikigeuka gundi mikononi mwa kijana aliyetaka kuwafurahisha wazee wake. Ile ya plastiki ina stahamala zaidi, lakini nayo maji na sabuni laini vinaitosha. Sindano yenyewe ipigwe brashi kavu kutoka nyuma kuja mbele, mwendo ule ule santuri inaokwenda, wala si kinyume.

Kazi ilikwisha baada ya alasiri ya siku ya pili. Watoto wa jirani walikuwa wamejaa mlangoni. Mke wa ami alikuwa amekwisha tia udhu, amevaa kanga safi, amekaa mkekani. Nikaitoa Surat Yusuf katika karatasi yake. Upande wa kwanza ulikuwa na mchubuko mrefu, umekata mifuo kadhaa kama wembe. Nilimwonyesha, nikamwambia pale huenda pakaruka.

"Naujua," akasema. "Wewe weka."

Niliweka. Kichwa cha kauri hakina nguvu za kile cha chumvi. Umeme wake ni mchache, na hilo nilikuwa nimelisahau. Nilifungua sauti mpaka mwisho, na bado qari alitoka kama mtu anayesoma chumba cha pili. Niliona haya. Nikataka kuzima nieleze sababu. Lakini watoto walikuwa wamekwisha ingia ndani, na bin ami yangu alikuwa ameizima simu yake na kuja kukaa karibu na spika, goti kwa goti na mama yake, na nyumba ikawa kimya kiasi kwamba kila herufi ilisikika.

Ilipofika pale ambapo ndugu zake Yusuf wanarudi kwa baba yao usiku wakilia, sindano iliugonga mchubuko, ikaruka, na maneno kadhaa yakapotea. Na katika pengo lile, kabla qari hajaendelea, nilisikia sauti mbili zikiyasoma maneno yaliyokosekana, kwa tajwidi iliyonyooka na kwa kasi inayofaa, zikamaliza pamoja naye. Moja ilikuwa ya mke wa ami, na ya pili ilikuwa ya bin ami yangu.

"Baba alikuwa akituachia hapo," akaniambia bila ya kugeuka. "Asiyejaza, anarudia ukurasa mzima."

Mke wa ami akaniashiria kwa mkono ninyamaze, kisha akaniashiria nisisimamishe, kwa kuwa upande ule ulikuwa bado na dakika kumi.